Vyungu Arobaini vya Felisia

Ule mti niliubeba kwa mikono yangu mwenyewe mpaka sokoni, kwa hiyo lawama zikigawiwa, fungu la kwanza ni langu. Dada Felisia hajawahi kunitupia hata neno moja. Angenitukana, ningepumua.

Mimi ni Khatib, mtu wa Unguja, na kazi yangu hapa Guangzhou ni kufungasha mizigo ya watu na kuipakia kwenye makontena. Ofisi yangu ipo mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya sita, na Felisia anakaa chumba cha ng'ambo ya korido. Ni mwanamke wa Itigi, Singida huko ndani, miaka hamsini na mbili, Mkatoliki asiyekosa misa, mpole kabisa mpaka afike soko la nguo la Shisanhang kuwanunulia wateja wake wa nyumbani magauni. Hapo hugeuka. Nimemwona akilishika gauni mbele ya mwenye duka, akauvuta mshono mpaka uzi ukalia, akatikisa kichwa bila kusema kitu, na yule laoban, maana ndivyo tunavyowaita matajiri wa maduka hapa, akashusha bei mwenyewe. Miaka kumi na mmoja ameishi hivyo. Amesomesha watoto watatu wa mdogo wake Erastus, amemjengea mama yake nyumba ya bati, na yeye mwenyewe ana jozi mbili za viatu.

Na alikuwa na mti.

Kule kwao, alinieleza, nje ya mji kulikuwa na kichaka kizito cha nchi kavu, vijiti vimesukana hata mbuzi anatafuta pa kupenya. Ndani yake ulikuwa ukiota mti mfupi usiofika bega la mtu, wenye matawi membamba ya kijivu, na hata wenyeji wengi hawakuujua. Haukuwa unaota kila mahali. Ulikuwa hapo kwao na vilima viwili vya jirani, basi. Miezi yote ya ukame ulikaa kama kuni zilizosahauliwa, halafu siku chache kabla ya mvua, bila hata jani moja, ukatoa maua meupe yenye koo jekundu. Siku nne tu. Harufu yake, Felisia alisema, ni ya mbegu za maboga zikikaangwa. Mama yake, Bibi Benedicta, hakuwa mtu wa redio wala utabiri. Mti ukichanua, alitoa jembe.

Una jina lake la Kikimbu, lugha ya kwao. Kila nikijaribu kulitamka, Felisia alicheka mpaka akashika ukuta, kwa hiyo mimi niliuita mti tu.

Kichaka chenyewe hakipo tena. Erastus alikifyeka apande korosho, kama walivyofyeka majirani zake wote, na simlaumu, korosho inalipa ada na kichaka hakilipi. Lakini kabla panga halijafika, Bibi Benedicta aliokota mbegu saba, akazitia kwenye pakiti tupu ya dawa ya malaria, akampa binti yake aliyekuwa likizo. "Nenda nazo," alimwambia. "Huku hazina pa kukaa." Felisia akazipitisha uwanja wa ndege kimyakimya, jambo ambalo nilimgombeza sana nilipolijua, akazipanda kwenye kopo la rangi pale kwenye kibaraza chake chembamba. Sita zilioza. Moja ikaota. Miaka minne baadaye ulikuwa umefika gotini, na mwaka juzi mwezi wa kumi na moja ulichanua maua matatu. Nilinusa. Kweli, mbegu za maboga.

Mwaka huohuo mama yake akaanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria jikoni, kisha njia ya kanisani, kisha watu. Erastus alimpeleka Dodoma, daktari akasema ni uzee wa ubongo, dawa ya kuurudisha nyuma hana, wamvumilie. Basi wakawa wanamvumilia.

Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, ambapo kwao ni saa sita mchana, Felisia hupiga simu ya picha. Mara nyingi humwita mtu amshikie simu, na kwa kuwa mimi ndiye jirani, mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo nilikuwa nashuhudia. Bibi Benedicta alikuwa akitazama kioo, uso umekaa kama wa mtu aliyefika ofisi asiyoijua, anauliza, "Huyu nani?" Felisia anaunyanyua mti, anausogeza mbele ya simu. Kule Itigi uso ulikuwa unafunguka. Bibi analitaja lile jina la Kikimbu, polepole, anacheka, halafu macho yanapanda juu ya matawi mpaka kwa aliyeushika. "Felisia! Mbona umekonda?"

Kila Jumapili. Mti kwanza, mtoto baadaye.

Siku moja nikamtania. "Dada, mama yako anausalimia mti kabla yako. Hapo kuna wivu."

"Anaanza na anachokikumbuka," alinijibu. "Mimi nimesimama nyuma yake, ananikuta."

Sasa njoo mwezi wa tatu. Asiyeishi Guangzhou hawezi kujua mwezi wa tatu. Kuta zinatoa jasho. Sakafu inateleza, nguo ulizofua Jumatatu unazivaa Ijumaa zikiwa bado zinanuka, na maboksi ya kadibodi yanalegea mpaka nakataa kupakia. Mti wa nchi kavu utauambia nini katika hali hiyo? Ulianza kuangusha majani. Kisha ukaota ukungu mweupe chini ya shina. Felisia aliufuta kwa pamba, akauwekea feni, akauhamisha ndani, akautoa nje. Alinigongea mlango na kopo mkononi.

"Kaka Khatib, huu ukifa nitafanyaje? Mama atanijua kwa kitu gani?"

Alikuwa na mpango wake. Mwezi wa kumi na mbili angekwenda nyumbani, aupande mbele ya mlango wa mama yake, na si huo mmoja bali mingi, ua mzima, ili bibi akitoka nje asubuhi asihitaji simu wala mtandao. "Nipate hata arobaini," alisema. "Mmoja si kitu. Mmoja ni roho juu kila siku."

Na mimi, mwerevu wa korido nzima, nikafungua mdomo. "Si upeleke sampo? Wachina hawa wanakopi kila kitu chini ya jua. Watashindwa na kijiti?"

Hapa nieleze, maana ndipo tulipopotea. Shisanhang huagizi gauni kwa maneno. Unanunua moja zuri popote, unampelekea laoban, unasema nataka mia tatu kama hili. Hilo ndilo sampo, yaani sampuli. Fundi wake analifumua mshono kwa mshono, mikono mbali, kola mbali, analaza vipande juu ya karatasi na kuchora. Ukirudi unakuta magauni mia tatu. Sampuli yenyewe huioni tena wala huiulizi, imekwisha kuwa vipande vya kutupwa, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayelilia sampuli. Na kitambaa kikiwa kimekosekana sokoni, wanatia kinachofanana. Haya Felisia anayajua kuliko mimi. Ameyafanya mara elfu. Lakini mtu akizoea jambo haliangalii tena, analipita tu.

Tukapanda metro mpaka soko la maua la Fangcun, mimi nimeupakata mti kama mtoto wa kwenda kliniki. Tuliulizia, tukaelekezwa kwa mzee mmoja aitwaye Liang, mwenye banda refu la plastiki na mikono iliyojaa udongo mpaka kwenye mikunjo. Aliuzungusha mti taratibu. Alibonyeza shina. Aliuliza umetoka wapi, Felisia akamwambia Afrika. Liang akasema miaka thelathini ya kazi hajawahi kuuona.

Kichina cha Felisia ni cha sokoni, lakini ni kizuri kuliko changu. Alionyesha mti, akanyoosha vidole. "Hivihivi. Arobaini. Yaweza?"

Mzee alihesabu matawi. "Yaweza, nijaribu. Niachieni sampuli. Siku arobaini na tano."

Hakumuuliza atafanyaje. Mimi pia sikuuliza. Tuliuacha mti juu ya meza yake, Felisia akaligusa jani la juu, tukaondoka na stakabadhi. Njiani alikuwa na furaha, akaninunulia kipande cha embe. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na huo msemo naujua tangu chuoni, lakini siku hiyo haukunijia hata kidogo.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na mti wa kuonyesha. Felisia alijaribu picha aliyokuwa nayo kwenye simu nyingine. Bibi Benedicta alitazama simu ndani ya simu, hakuelewa. "Karibu, mgeni," alimwambia mwanawe kwa adabu. "Mmekula huko?"

"Tumekula, Mama."

"Mshukuruni Mungu."

Zikaenda hivyo Jumapili sita. Sita nzima Felisia alikuwa mgeni wa mama yake, anakaribishwa, anaulizwa habari za safari. Alistahimili kwa sababu arobaini ilikuwa inakuja. Nilimwambia mara moja twende tukachungulie. Hakupata nafasi: maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yamefunguliwa, wateja wake wa Dodoma wamejaa mjini, na kila mmoja anataka aongozwe ukumbi kwa ukumbi. "Acha wafanye kazi," alisema. "Laoban ukimsumbua anaharibu."

Siku ya arobaini na tano tulifika Fangcun asubuhi. Mzee Liang alikuwa akitungoja mlangoni, amevaa shati safi. Nyuma yake, juu ya meza mbili, vyungu arobaini vimepangwa mistari minne, na vyote vimechanua. Maua meupe, koo jekundu. Nikapiga kelele ya furaha. Ndiyo, nilipiga kelele, tena nikampiga Felisia bega.

Yeye aliinama juu ya chungu cha kwanza, akanusa. Akanusa cha pili. Alishika jani, lilikuwa nene na la kung'aa. Shina lilikuwa nene chini kama kiazi. Alinusa vyungu kama kumi hivi, kimoja baada ya kingine, nami nikainama nikanusa: hakuna mbegu za maboga.

"Sampuli yangu iko wapi?" aliuliza.

Liang alitupeleka nyuma ya banda. Kulikuwa na trei ya plastiki yenye mchanga, juu yake kifuniko kinachotona maji. Ndani yake vipande ishirini na sita vya urefu wa kidole, vimechomekwa kwa mstari, kila kimoja kimekatwa mshazari, kazi safi ya fundi. Vyote vilikuwa vyeusi. Kando yake mzizi, nao umegawanywa mara nne, umekuwa uji.

Mzee alieleza bila kuficha. Alikuwa ameukata wote ili kila kipande kiote. Mvua zilikuwa nyingi, hewa nzito, vikaanza kuoza kwa chini, akabadilisha mchanga, akatia dawa, vikaoza tena. Alipoona hivyo, ili mteja asirudi mikono mitupu, alizunguka soko zima akitafuta ua linalofanana. Siku tatu. "Chabuduo," alisema, neno la sokoni tunalolisikia kutwa, yaani hakuna tofauti kubwa. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba akubaliwe.

Mimi nilipandwa na hasira. Nilimpigia kelele kwa Kiswahili, kwa Kichina changu kibovu, na kwa mikono. Kwa nini amekata? Nani amemwambia akate?

Liang alinitazama, kisha akamtazama Felisia, mwenye mali. "Usipoukata," aliuliza, "arobaini utaipataje?"

Na kweli, utaipataje?

Nilimngoja Felisia wa Shisanhang ajitokeze, yule wa kuvuta mshono. Hakujitokeza. Alikuwa amechukua kipande kimoja kwenye trei, anakikwaruza kwa ukucha, chini ya gome kukaonekana uzi mwembamba wa kijani. "Mwache, kaka," alisema. "Sisi ndio tuliomletea." Liang akataka kurudisha fedha, Felisia akatikisa kichwa. Mzee akahangaika, akaita gari, akatupakilia vyungu vyote arobaini kwa mikono yake, na alipomaliza alisimama barabarani akiwa bado ameinamisha kichwa.

Kile kipande chenye uzi wa kijani kilikaa siku tisa kwenye chumba cha Felisia. Nilimletea balbu ya joto, nikamletea vile vipakiti vya kukausha unyevu tunavyotia kwenye maboksi ya viatu, vikapu viwili. Kila asubuhi nilipofungua ofisi nilimwona mlangoni akikitazama tu, hata hakigusi, anaogopa. Siku ya kumi kililegea.

Akampigia Erastus atafute huko huko. Erastus si mtu mbaya. Alichukua pikipiki, akazunguka vijiji siku tatu, vile vilima viwili vyote, akapiga simu. "Dada, ni korosho na alizeti mpaka macho yanachoka. Nimeuliza wazee. Wanaukumbuka, hakuna aliyeuona. Kile kichaka cha kwetu nilikikata mwenyewe. Sikujua kama nitakuja kuulizwa."

"Na mimi nimekata," Felisia alimwambia.

Sijui kufanya nini na mtu aliye hivyo. Nimezoea matatizo yenye simu ya kupiga: kontena limekwama, unampigia fulani, boksi limepasuka, unalifunga upya. Hapa hakukuwa na wa kumpigia. Nilileta chai. Nikaondoka, nikarudi, nikaleta nyingine.

Jumapili ikafika. Nilipoingia, Felisia alikuwa kibarazani na mkasi. Alikuwa amechagua chungu kimoja katika arobaini, chenye shina jembamba kuliko vingine, anakinyonyoa majani yote yabaki maua matupu. Sehemu nene ya chini aliifukia kwa mchanga. Kisha akakihamishia kwenye kopo lilelile la rangi. Alifanya kwa uangalifu kama anavyobandika lebo kwenye gauni. Nilitaka kumwambia aache. Lakini nilitazama, na kwa umbali wa simu, wallahi, ulifanana. Nikasema moyoni, Mungu atusamehe, bibi kizee yule haoni vizuri, inaweza kupita.

Saa kumi na moja nikaishika simu. Erastus akatokea, akampa mama yake.

"Huyu nani?" aliuliza Bibi Benedicta.

Felisia akaunyanyua mti.

Bibi alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kidogo, na nilimwona Felisia amefumba macho akisubiri lile jina. Halikuja.

"Maua mazuri," bibi alisema. "Umeyanunua?"

"Mama, ni ule mti wetu."

Uso wa bibi ukakaza. Sijawahi kumwona na akili zake namna ile, timamu kabisa, mama mwenye nyumba. "Usinidanganye, binti. Ule mti anao mwanangu. Nilimpa mbegu mimi. Yuko China, anautunza ndani ya nyumba, kila Jumapili ananionyesha." Alinyanyua kidole. "Siku hizi kimya. Ukimwona, mwambie mama yako anangoja."

"Nitamwambia, Mama."

Basi bibi akalainika, akaona pengine amemsema mgeni vibaya. "Na wewe mama yako yupo?"

"Yupo."

"Mpigie naye. Sisi wazee tunangoja simu, hamjui tu."

"Nampigia," Felisia alisema. "Nampigia kila Jumapili."

Nilikuwa bado nimeishika simu, na sikujua niielekeze wapi.